Sitara Isiyozuia Tiba: Darsa juu ya Ndugu Aliyetekwa na Ulevi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili na akamharamishia kila chenye kuiondoa. Sala na salamu zimfikie bwana wetu Muhammad, aliyetumwa kuwa rehema kwa viumbe wote, na jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu wasomaji, wamo miongoni mwetu wenye watoto wanaosoma Ulaya, na wamo wenye ndugu waliokwisha kuhamia huko na kuzaa huko. Katika masuala yaliyoletwa kwetu limo hili la familia ya hapa Ghuba yenye kijana katika mji wa Stockholm, nchini Uswidi. Kijana huyo alizoea pombe, kisha akaongeza vidonge vya maumivu vyenye kulevya. Ilipomzidi hali akawaandikia wazazi wake kwamba anataka kwenda kwa tabibu wa nafsi. Baba akamjibu: tubu, sali, wala usimwambie mtu yeyote. Mama akauliza: je, jawabu hili linatosha katika sharia?

Jawabu kwa ufupi ni kwamba amri ya kutubu na kusali ni ya haki isiyo na shaka. Ama kumkataza mgonjwa asimwambie tabibu, hilo halina dalili, na huenda likawa sababu ya kuangamia kwake. Na ufafanuzi wake ni katika masuala yafuatayo.

SUALA LA KWANZA: Hukumu ya ulevi na hali ya aliyetekwa nao

Fahamu, ewe ndugu yangu, kwamba uharamu wa ulevi umethibiti kwa Kitabu na Sunna na kwa makubaliano ya Umma. Katika Surat al-Maidah, aya ya 90, Mwenyezi Mungu ameufanya kuwa uchafu katika kazi za shetani na akatuamrisha kuuepuka. Kila chenye kulevya kinaingia katika hukumu hiyo, kiwe cha kunywa, cha kuvuta, cha kumeza au cha kudunga kwa sindano. Na katika Hadithi ya Bibi Umm Salama (R.A.), Mtume (S.A.W.) amekataza kila chenye kulevya na kila chenye kulegeza mwili. Basi asije mtu akadai kwamba bangi au vidonge havikutajwa kwa majina yake.

Lakini hukumu ya kitendo ni jambo moja, na hali ya mtendaji ni jambo jingine. Mwenye kuzoea ulevi kwa muda mrefu, mwili wake hubadilika. Jambo hili lilielezwa kwa kirefu katika mji huo huo wa Stockholm mwaka 1849, pale tabibu Magnus Huss alipotoa kitabu chake juu ya maradhi ya walevi wa kudumu. Aliwachunguza wagonjwa wake, akaeleza mtetemeko wa viungo, kupotea kwa usingizi, udhaifu wa mishipa na kuharibika kwa akili, na akaliita jambo hilo ugonjwa wenye jina lake. Matabibu wa leo wameongeza juu ya hayo: kwamba ulevi hubadilisha kazi ya ubongo, hata mtu akawa anakitamani kile anachokichukia.

Wala kusema kwamba ni ugonjwa hakumwondolei mtu dhambi ya kuanza kwa hiari yake. Faida ya kulijua jambo hili inaonekana katika toba. Wanavyuoni wamesema kwamba toba ina nguzo zake: kujuta, kuacha, kuazimia kutorejea, na kurudisha haki za watu. Mtazame sasa mtu aliyetekwa. Kujuta anajuta, hata hulia usiku. Kuazimia anaazimia kila asubuhi. Nguzo inayomshinda ni kuacha. Basi mwenye kumsaidia katika nguzo hiyo anamsaidia katika toba yenyewe, na tabibu wa nafsi kazi yake iko hapo hapo. Humfundisha mgonjwa kuzijua saa zake za hatari, marafiki na mahali panapomvuta, namna ya kuivuka nusu saa ya tamaa kali bila ya kuanguka, na namna ya kuinuka upesi ikiwa ameanguka.

Na hapa pana tahadhari kubwa. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla peke yake chumbani, aweza kupatwa na degedege na kupotewa na akili katika siku chache za mwanzo, na wamo wanaokufa kwa hayo. Kwa hiyo tunasema: aache leo, na aache akiwa mikononi mwa tabibu. Kliniki zina dawa za kumvusha siku hizo kwa salama. Anayemwamrisha mwanawe aache, kisha akamzuilia tabibu, ameamrisha jema na akalifungia njia yake. Na katika Surat al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu.

SUALA LA PILI: Je, baraa inakata msaada?

Wako wanaosema: sisi katika madhehebu yetu tuna hukumu ya walaya na baraa, na huyu ametenda dhambi kubwa, basi tumejitenga naye. Maneno haya yanataka kupimwa.

Baraa ina masharti yake, na wanavyuoni wetu hawakuiacha iwe silaha ya hasira. Haithibiti kwa uvumi wala kwa dhana. Na ikithibiti dhambi kwa mtu aliyekuwa katika walaya, hutakiwa kwanza kutubu. Akitubu, hurejea mahali pake. Vipi utamtaka mtu atubu, na huku umekata simu yake na kumrudishia barua yake?

Kisha fahamu kwamba mwenye kuendelea na dhambi kubwa, kwetu sisi, ni mwenye kufuru neema, wala si mushriki. Hajatoka katika mila. Damu yake na mali yake vimehifadhiwa. Anarithi na kurithiwa, na akifa anaoshwa na kusaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu. Haki za udugu wa damu hazikufutwa kwa maasi yake. Na katika haki hizo, kumwokoa na mauti ni ya mwanzo.

Bali mafunzo ya madhehebu yetu yanazidisha ulazima wa kumsaidia. Sisi tunaitakidi kwamba ahadi ya Mwenyezi Mungu ni ya kweli na onyo lake ni la kweli, na kwamba anayekufa ameng'ang'ania dhambi kubwa bila ya kutubu hana matumaini ya kutoka Motoni. Mwenye itikadi hii haimfalii kusema: mwache, iko siku atajirekebisha. Kila siku inayompata ndugu yake katika hali hiyo ni siku ya hatari ya milele.

Na katika vitabu vya tafsiri, mwanzoni mwa Surat Ghafir, imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alimuulizia mtu mmoja wa Sham aliyekuwa shujaa, akaambiwa kwamba amezama katika ulevi. Umar hakumlaani. Alimwandikia barua yenye kumkumbusha kwamba Mola wake anasamehe dhambi na anapokea toba, na kwamba adhabu yake ni kali. Akawataka waliokuwa naye wamwombee dua, na akawafunza kwamba ndugu akiteleza huinuliwa, wala hasaidiwi shetani dhidi yake. Mtu yule akaisoma barua, akalia, akaacha. Tazameni: Umar yuko Madina na mtu yuko Sham, na umbali haukuwa udhuru wa kumnyamazia.

Na amepokea Bukhari kwamba mtu mmoja aliletwa mara nyingi kwa Mtume (S.A.W.) kwa sababu ya kunywa, akaadhibiwa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, na akamshuhudia mtu yule kwamba anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilitimizwa, na heshima ya mtu haikuvunjwa.

SUALA LA TATU: Sitara ni ipi?

Sharia imetuamrisha kusitiriana, na Surat al-Hujurat imetukataza kupelelezana na kusengenyana. Lakini sitara ina maana yake. Kusitiri ni kutoitangaza aibu ya mtu kwa asiyehusika nayo. Kumweleza tabibu, kwa kadiri ya haja ya tiba, hakuingii katika kutangaza, kama vile kumfunulia jeraha anayelifunga hakuingii katika kukaa uchi.

Katika miaka niliyokaa katika kiti cha ukadhi nilisikiliza madai mengi ya talaka na ya nafaka ambayo mzizi wake ulikuwa ulevi. Watu walikuja mahakamani baada ya mke kurudi kwao, nyumba kuuzwa na watoto kutawanyika. Walipoulizwa kama mgonjwa alipata kupelekwa kwa tabibu, jawabu lilikuwa kwamba waliona haya. Haya hiyo iliwazuilia mlango mmoja wenye siri, ikawaleta mbele ya umati.

Na ajabu ni kwamba watu wa Stockholm nao, pamoja na kwamba pombe kwao si haramu, wanaona haya hiyo hiyo. Wengi wenye kazi na familia zao walikuwa hawaendi katika kliniki za ulevi kwa kuogopa kuonekana mlangoni. Kwa sababu hiyo ikaanzishwa katika mtaa wa Östermalm kliniki iliyopewa jina la anwani yake tu, Riddargatan 1, nayo inajitambulisha kuwa ni kliniki ya pombe na afya, ili mtu aingie pasi na kibandiko cha aibu juu ya mlango. Profesa Sven Andréasson wa chuo cha Karolinska na wenzake wakatengeneza pia utaratibu wa kuwawezesha matabibu wa vituo vya kawaida vya afya kuitibu pombe katika vituo hivyo hivyo vya kila siku. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018 yalilinganisha waliotibiwa na tabibu wa kituo cha kawaida na waliotibiwa kwa mabingwa, na makundi yote mawili yalipunguza unywaji wao. Hii ndiyo sitara yenye manufaa: imefunika aibu na imefungua tiba. Sisi tuna haki zaidi ya kuifuata, kwani sitara ni mafunzo ya dini yetu.

SUALA LA NNE: Tabibu asiye Muislamu, na dawa zenye ukali

Waliuliza pia: je, yafaa kumweleza siri zetu asiyekuwa wa dini yetu? Tunasema yafaa, akiwa ni mjuzi na mwaminifu katika kazi yake. Mtume (S.A.W.) katika safari ya Hijra alimkodi mwongozaji wa njia ambaye hakuwa Muislamu, akamwamini juu ya roho yake na ya sahibu yake. Akipatikana Muislamu mjuzi ni bora. Asipopatikana, tiba haingoji.

Lakini liko jambo la kuzindukana. Katika kliniki nyingi za huko mgonjwa huulizwa analenga nini: kupunguza kunywa au kuacha kabisa. Muislamu aseme waziwazi, tangu siku ya kwanza, kwamba lengo lake ni kuacha kabisa, kwa kuwa dini yake haina kiasi kilicho halali. Matabibu huliheshimu neno hilo na kupanga tiba juu yake. Aeleze pia nyakati za sala na funga, ili miadi na dawa zipangwe kwa kuzijua.

Ama dawa wanazopewa waliotekwa na heroini na jamii yake, kama vile methadoni na buprenofini, wanavyuoni wamekhitalifiana katika kujitibu kwa kitu chenye asili ya kulevya. Yenye nguvu kwetu ni kwamba dawa itolewayo na tabibu mwaminifu kwa kipimo kisicholevya, kwa kuzuia madhara makubwa zaidi na pasi na badala iliyo bora, inaingia katika dharura, na dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Mwenye shaka amuulize mwanachuoni, wala asiiache dawa ghafla kabla ya kuuliza. Mwili uliokaa siku nyingi bila ya heroini hupoteza uvumilivu wake, na kipimo alichokizoea zamani chaweza kumuua mara moja.

MILANGO YA TIBA KATIKA STOCKHOLM

Tumeona ni kheri kuitaja milango, kwani anayeamrishwa kwenda aonyeshwe njia.

Mlango wa kwanza ni wa afya, nao uko chini ya serikali ya mkoa, yaani Region Stockholm. Idara yake ya kutibu uraibu huitwa Beroendecentrum Stockholm. Mtu aweza kuwaendea mwenyewe bila ya barua ya tabibu mwingine. Ipo kliniki ya dharura katika eneo la hospitali ya Sankt Göran, Kungsholmen, iliyo wazi usiku na mchana, na vijana wana kliniki yao iitwayo Maria Ungdom. Asiyejua aanzie wapi apige simu 1177 kwa ushauri wa afya; na roho ikiwa hatarini, 112.

Mlango wa pili ni ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa anayokaa. Huko hupatikana ushauri, makazi ya matibabu, na msaada kwa mke na watoto wa mgonjwa. Sheria mpya ya ustawi wa jamii, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, imesisitiza kwamba huduma hizi ziwe nyepesi kufikiwa na zitolewe mapema kabla ya mambo kuharibika.

Kuwapo kwa milango miwili kumewataabisha watu. Mwenye huzuni kubwa au wasiwasi pamoja na ulevi huambiwa hapa, aondoe ulevi kwanza, na kule, atibu huzuni kwanza. Serikali ya Uswidi iliunda tume juu ya jambo hili mwaka 2020, nayo katika ripoti ya Novemba 2021 ikapendekeza tiba yote ya uraibu iwekwe chini ya huduma ya afya. Mgonjwa anayezungushwa aombe mpango mmoja wa pamoja, unaoitwa kwa kifupi SIP, ambao pande zote mbili huketi naye na kuuandika.

Hofu zinazowazuia watu wetu ni tatu.

Ya kwanza ni polisi. Ni kweli kwamba kutumia mihadarati ni kosa Uswidi tangu mwaka 1988, na tangu 1993 laweza kumtia mtu gerezani. Lakini watumishi wa afya wamefungwa na sheria ya siri, na mgonjwa anayesema kwamba ametumia hashitakiwi nao kwa kusema hivyo.

Ya pili ni lugha. Ofisi na hospitali huleta mkalimani bila ya malipo ya mgonjwa, naye pia amefungwa na siri. Anayeogopa kukutana na mtu wa jamaa zake aombe mkalimani wa kwa simu kutoka mji mwingine, na aombe kutotajwa jina. Wala mtoto asifanywe mkalimani wa aibu ya baba yake.

Ya tatu ni watoto. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 zilienea katika simu za Waislamu habari kwamba ofisi za ustawi wa jamii za Uswidi zinawateka watoto wa Kiislamu, na serikali ya huko ikazikanusha. Tumeamrishwa katika Surat al-Hujurat kuzihakiki habari. Ukweli ni huu: watumishi wana wajibu wa kutoa taarifa wakihofia kwamba mtoto anadhurika, na sheria ya mwaka 1990 inaruhusu mtoto kuchukuliwa kwa hukumu ya mahakama ikiwa hatari ni kubwa, na familia hupewa wakili. Vilevile sheria ya mwaka 1988 inaruhusu mtu mzima kutibiwa kwa lazima, hadi miezi sita, akiwa anajiangamiza. Mwenye kwenda mapema kwa hiari yake yuko mbali zaidi na sheria hizo kuliko anayejificha mpaka nyumba ikawaka moto.

Na haya si ya Stockholm peke yake. Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Na Oman, sheria ya mihadarati ya mwaka 1999 iliweka kwamba anayejitokeza mwenyewe kutaka tiba asifunguliwe mashitaka. Watawala wamelifahamu hili; limebaki kwa wazazi.

WAJIBU WA FAMILIA ILIYO MBALI

Mjibuni mgonjwa siku hiyo hiyo, kwa maneno yenye rehema na yenye ukweli. Msimpelekee fedha taslimu zikawa nauli ya maasi. Lipeni pango na masomo moja kwa moja. Aulizwe kama amekwenda katika miadi, kama anavyoulizwa kama amesali. Akianguka baada ya kuacha, msiseme toba yake ilikuwa ya uongo. Mwambieni aifanye upya na arudi kliniki kesho yake. Mlango wa rehema, kama ulivyotajwa katika Surat az-Zumar, aya ya 53, haufungwi mbele ya waliojidhulumu nafsi zao. Na pamoja na tabibu apate mtu wa dini wa kumshika mkono: imamu wa msikiti wa Medborgarplatsen, uliofunguliwa mwaka 2000, au mwingine mwenye siri na hekima. Tabibu humsaidia kuacha. Imamu humkumbusha kwa nini anaacha.

MUHTASARI

1. Ulevi wote ni haramu, na kuutibu ni katika kusaidia toba.
2. Baraa haifuti haki ya kuokolewa, wala haitangulii wito wa kutubu.
3. Sitara ni kuficha kwa asiyehusika, tabibu anahusika.
4. Lengo la Muislamu katika tiba ni kuacha kabisa, naye alitamke.
5. Kuacha ghafla pasi na tabibu kwaweza kuua.

MASWALI YA DARSA

1. Ni nguzo ipi ya toba inayomshinda aliyetekwa na ulevi, na nani wa kumsaidia?
2. Eleza tofauti baina ya sitara na kumzuilia mgonjwa tiba.
3. Sayyidna Umar alifanya nini aliposikia habari za mtu wa Sham? Familia yako ingefanya nini?
4. Mgonjwa wa Stockholm akizungushwa baina ya milango miwili, aombe nini?

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu, wafungulie waliofungwa na matamanio yao, na uzifanye nyumba zetu kuwa mahali pa kukimbilia, wala usizifanye mahali pa kukimbiwa. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Wabillahi tawfiq.